Pazia la Ofisi ya Afueni

Jumatatu, 7 Septemba 1998

Leo nimepata kazi. Nilidhani zimekwisha, kama watalii. Tangu vurugu za mwaka jana hakuna hoteli ya Diani inayoagiza hata stuli, na mimi seremala mzima nimebaki kuchonga mipini ya majembe na kumtukana jogoo wa jirani.

Amekuja binti wa Nairobi, jina lake Joan. Suruali, na viatu vya kupandia mlima. Ameniamkia shikamoo vizuri, nikamsamehe suruali. Anasema kampuni ya bima ya afya, Afueni, inafungua tawi hapa Ukunda, kwenye lile duka la vinyago lililofungwa. Yeye kazi yake ni kupanga ndani ya nyumba: viti vikae wapi, mwanga uingilie wapi, mtu aingiapo moyo wake ufanye nini. Nikamwuliza, mwanangu, hiyo ni kazi ya kulipwa? Marehemu mke wangu aliifanya miaka yote na malipo yake yalikuwa mimi. Akacheka. Akicheka anafunika mdomo. Nimempenda.

Anataka ofisi isiyotisha. Wagonjwa wanaogopa kaunta, anasema. Wanaogopa kioo na nondo na mtu anayekuuliza jina lako kupitia kitundu. Kweli. Mimi posta huingia nikitokwa jasho kama mwizi.

Alhamisi, 10 Septemba

Tumepima kutwa. Neno jipya nimelipata: endelevu. Kila kitu kiwe endelevu. Nilivyoelewa mimi, ni kitu kisichokwisha wala kisichoharibu. Nikamwambia basi hotuba za imamu wetu ni endelevu nusu: haziishi, lakini zinaharibu mgongo.

Hataki mbao za msituni. Nikampeleka kumwonyesha minazi mikongwe isiyozaa tena, ile inayongoja kuwa kuni. Nikaupiga randa ubao mmoja mbele yake. Mnazi mzee ndani ni mgumu, una mistari myeusi, unang'aa kama tende. Akaushika kama anashika shavu la mtoto. Basi tumekubaliana: mbao za mnazi, mito ya usufi, mikeka ya dada yangu Mwanasha, chokaa badala ya rangi za kopo. Mashine ya baridi hakuna. Ukuta utatobolewa chini na juu, upepo ujifanyie kazi wenyewe.

Ndipo nikatoa langu. Nikamwambia, unataka mtu asiogope? Usimjengee ofisi, mjengee nyumba. Na nyumba ya pwani huanzia nje. Weka baraza mbele, la mawe na mbao, lenye kivuli na egemeo. Mgeni akae, apoe, moyo urudi mahali pake.

Akaandika haraka haraka. Halafu akasimamisha kalamu. Akauliza: sasa huyu aliyekaa barazani atajuaje kwamba aingie? Alitaka tuweke kengele, na mtu wa kusimama mlangoni.

Kengele! Nilimcheka mpaka nikakohoa. Mwanangu, hapa si shule na watu si mbuzi. Mgeni wa pwani ana adabu zake, anajua pa kukaa na pa kuingia. Akalikata lile neno kwenye karatasi yake, mstari mmoja.

Nimerudi nyumbani kifua mbele. Darasa la tatu limeifundisha digrii.

Jumamosi, 19 Septemba

Baraza linapanda. Mawe yamekaa, naranda mbao za juu. Mgongo unauma lakini unauma kwa heshima.

Dzombo amekuja karakana. Ndiye mume wa Mwanasha, na kabla hajawa mlamu wangu alikuwa rafiki yangu, tulitahiriwa jando moja. Siku hizi anatembea mkono mfukoni. Si maringo. Anaishikilia ngiri yake isishuke.

– Mlamu, mpangaji wako hajambo?
– Hajambo. Amenenepa.
– Kodi analipa?
– Halipi, na sasa anataka chumba cha pili.
– Mfukuze.
– Namngoja daktari aje na amri.

Amri yenyewe iko njiani. Binti yao Mapenzi anafua nguo hotelini, na hoteli imewaingiza wafanyakazi wote Afueni, pamoja na wazazi. Kwa hiyo Dzombo atapasuliwa hospitali nzuri, bure. Lakini kwanza Afueni watoe ruhusa. Mapenzi amepeleka habari zote Mombasa, akaambiwa jibu litakuwa hapa Ukunda tawi likifunguka, na baba aje mwenyewe na kitambulisho aweke dole gumba. Daktari kasema isicheleweshwe. Ngiri ya namna ile ikijisokota, utumbo hunyongwa.

Dzombo alinieleza hayo kama anaeleza habari za mbuzi wa mtu mwingine. Ndivyo alivyo. Ni mtu wa haya kupindukia. Akila kwako mchuzi usio na chumvi, ataumaliza na kukuombea dua.

Ijumaa, 2 Oktoba

Leo tulikwama mlangoni. Mlango wa kioo unaleta joto. Wa mbao unaziba upepo. Joan alikaa chini kwenye vumbi, mikono kichwani.

Nikamwambia: pazia. Leso mbili za kina mama zishonwe pamoja, zining'inie mpaka chini. Upepo unapita, ndani panasitirika. Nyumba zote za heshima ndivyo.

Akauliza leso iwe na maneno gani. Nikampa: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Aliruka. Apone, mzee, na hii ni bima ya afya! Mimi sikuwa nimeliona hilo hata kidogo. Nikaitikia kwa kichwa taratibu kama mtu aliyeliwaza tangu utotoni.

Meneja naye ameripoti. Muasya, Mkamba aliyekulia Shimba Hills, kule kwenye mashamba ya skimu, waliyogawiwa watu wa bara. Mwaka jana wakati wa vurugu, wabara walipofukuzwa, walihama yeye na mama yake, kisha wakarudi. Hatukuligusa hilo. Alizunguka, akalipapasa baraza, akaniuliza:
– Mzee Alfani, sasa hii ni ofisi ama ni kwako nyumbani?
Nikamwambia hiyo ndiyo sifa yenyewe.

Jumatatu, 12 Oktoba

Tawi limefunguliwa. Wakubwa wa Nairobi walikuja na tai zao, wakalowa jasho, wakaingia ndani wakapoa bila mashine, wakaanza kutazama darini kama wanatafuta jini. Joan alivaa gauni. Alinishika mkono mbele ya watu, akasema huyu ndiye mwalimu wangu. Nimezeeka, lakini sikuwahi kuitwa hivyo.

Kesho anaondoka. Kabla ya kuagana alinipa kengele ndogo ya shaba. Kumbe alikuwa ameshainunua zamani zile, kabla sijamcheka. Mzee, kaa nayo, ukiona inahitajika utaitundika.

Nimemshukuru. Adabu haigharimu.

Jumatano, 14 Oktoba

Kengele nimemvalisha mbuzi wangu. Imempendeza. Sasa ndiye mbuzi pekee wa Ukunda mwenye digrii.

Nimepita Afueni. Baraza limejaa! Wazee, mabibi na vikapu vyao, mama mwenye mtoto wa kikohozi. Muuza kahawa ameshahamia. Nimesimama ng'ambo ya barabara nikitazama kazi ya mikono yangu. Hapakuwa na hata mmoja aliyekunja uso.

Alhamisi, 22 Oktoba

Nimepeleka bao langu Afueni. Baraza bila bao ni kama harusi bila pilau. Tumecheza asubuhi nzima na kelele zake.

Dzombo amekuja. Kanzu nyeupe, kofia ya kufumwa, kitambulisho amekifunga kwenye leso ya mkono kama dhahabu. Alisimama mbele ya pazia, akalisoma, akarudi nyuma hatua. Akaniuliza:
– Mlamu, hapa huingiwa vipi?
– Kaa, nikamwambia. Utaitwa. Hapa si posta.

Akakaa. Ndani alicheka mwanamke, nadhani karani wa Muasya, Kavenya. Dzombo akaikunja miguu, maana pazia na sauti ya mwanamke nyuma yake, hapo mtu na heshima zake hutazama barabarani. Nikamkaribisha kwenye bao. Amenifunga mara mbili, mwanaharamu, na mkono mmoja uko mfukoni.

Walikuja vijana wawili wa hoteli, watu wa bara, wakalisukuma pazia kwa kiwiko na kupita. Hata salamu hakuna. Bibi mmoja wa kijiji cha Waa akasonya: hawa mama zao waliwalea na nini. Tukacheka sote.

Adhuhuri Dzombo akaenda zake. Hakuitwa. Nikamwambia watakuwa na kazi nyingi, njoo Jumatatu.

Jumatatu, 26 Oktoba

Jioni nimepita Bongwe kwa dada yangu. Dzombo alikuwa amelala ubavu, uso wa majivu. Nikamwuliza, wamekupa ruhusa?

– Nilikwenda. Sikuitwa.
– Hukupiga hodi?
– Nilipiga. Mara tatu. Ya tatu nikarudi.

Ndiyo sheria. Hodi tatu, usipojibiwa, mwenye nyumba ana lake, rudi kwako bila kinyongo. Lakini Dzombo akipiga hodi hata kuku hageuki, na pale nje walikuwa wanacheza bao. Bao langu. Nililiacha palepale barazani ili watu wasikose raha.

Mimi nilisema nini? Nilisema labda mpangaji wako amewatisha, wamejificha chini ya meza. Akacheka kidogo, akashika tumbo. Mwanasha hakucheka. Alikuwa anasuka ukili wa mkeka, akaukaza mpaka ukakatika.

Nilimwahidi nitaongozana naye Ijumaa. Kwa nini Ijumaa? Kwa sababu mpaka Alhamisi nina kitanda cha mtu cha kumalizia. Kitanda!

Ijumaa, 30 Oktoba

Naandika kidogo kidogo.

Nilifika Afueni mapema nimngoje Dzombo. Hakuja. Nikakaa na wenzangu. Muasya akatoka, akaketi kando yangu, akasema kwa sauti ya chini:

– Mzee, nikuulize kitu na usinikasirikie. Hawa wazee wako huwa wanakuja kufanya nini?
– Wamekuja kwako.
– Kwangu? Na mbona hawaingii?
– Na wewe mbona huwaiti?

Tukatazamana kama majogoo.

– Niwaite aje, mzee? Mlango si uko wazi.
– Mlango hakuna. Kuna pazia.
– Pazia si ni ya kuzuia vumbi?

Ya vumbi. Alikuwa anadhani wanakuja kupunga upepo. Aliwaandikia mpaka wakubwa wake kwamba wenyeji wamelipenda tawi, wanashinda hapo. Na mjini, kumbe, imeshaanza kusemwa kwamba Afueni inahudumia wabara na wenyeji inawakalisha nje. Maneno hayo yamefika hadi Shimba Hills. Mama yake amemwuliza kama wafunge tena mizigo. Aliniambia hilo akitazama viatu vyake.

Ofisi watu huiingia. Nyumba watu huingojea. Hiyo ndiyo hekima niliyomwuzia Joan, na nusu ya pili sikuijua mpaka leo. Lau tungeweka kaunta na nondo, hata Dzombo angeingia, akitetemeka, lakini angeingia. Yule binti aliuliza swali moja tu la maana, na nikalicheka.

Nikaingia kwa Kavenya. Nikataja jina la Dzombo wa Bongwe. Hakutafuta hata kidogo.

– Huyo? Ruhusa yake ilikuja kabla hatujafungua. Tunamngoja tu yeye aje, babu.

Wanamngoja. Wao ndani, yeye nje, na katikati leso mbili zilizoandikwa mgeni njoo.

Nikatoka nikawaambia watu, ingieni, ingieni nyote. Hakuna aliyenyanyuka. Bibi wa Waa akanitazama toka kofia mpaka ndala.
– Na wewe Alfani umekuwa mwenye nyumba hii tangu lini?

Nikalivuta pazia likaja na kulabu zake na kipande cha chokaa. Wakaogopa. Kisha Muasya akasimama mlangoni mwenyewe, akasema karibuni, mara moja tu, si kwa sauti kubwa. Wakainuka wote. Wakaingia mmoja mmoja, na kila mmoja, mbele ya mlango usio na kitu, akapiga hodi.

Sikungoja kutazama. Muasya akachukua funguo za gari lake, tukaenda Bongwe.

Dzombo alikuwa kitandani amekunja magoti. Anatapika tangu alfajiri. Tumbo limekuwa gumu kama ubao. Mwanasha alikuwa amemtuma mtu kwangu, mtu akaambiwa niko barazani, akaenda, kwa ule mkanganyiko wa pazia hakuniona.

Tulimbeba, Muasya kichwani, mimi miguuni. Hata katika hali ile Dzombo alifungua jicho.
– Nani huyu?
– Meneja wa Afueni, nikamwambia.
– Kumbe ameniita, akasema.

Njia nzima ya Msambweni hakusema lingine.

Jumamosi, 31 Oktoba

Niko hospitali. Naandika benchini.

Jana walimpokea palepale, sindano, maji ya mshipa. Mpasuaji amefika asubuhi hii, ndipo wamemwingiza chumba cha kupasulia. Daktari alitueleza taratibu. Ngiri imejisokota, kipande cha utumbo hakipati damu. Kama kingali hai watakirudisha ndani. Kama kimekufa watakikata, na kwa umri wake, alisema, tuombe Mungu. Mwanasha aliuliza, ingekuwa juma lililopita? Daktari akasema tuombe Mungu.

Benchi hili ni la saruji. Halina egemeo, halina kivuli cha maana, linakuuma matakoni. Hakuna mtu atakayelizoea. Labda ndivyo benchi la wagonjwa linavyopaswa kuwa.

Mapenzi amekuja moja kwa moja kutoka kazini, mikono bado imenywea kwa maji ya sabuni. Amenipa shikamoo mjomba, kama kawaida. Akakaa. Baadaye akasema, bila kunitazama:
– Baba alisema wewe ndiye uliyemwambia ataitwa.
Nikamwambia ndiyo.
– Aliamini, mjomba. Mimi nilimwambia aingie tu. Akasema, mjomba wako ndiye aliyeijenga nyumba ile, anajua kunaingiwa vipi.

Nilitafuta mzaha wa kuweka hapo. Maisha yangu yote sijakosa. Nimeukosa.

Muasya ametuletea chai na mkate, amerudi kufungua ofisi. Anasema pazia ameliweka kabatini, nikitaka nikalichukue. Silitaki. Ninachotaka ni kumwandikia Joan, na sijui nianze vipi. Mwanangu, lile neno ulilolikata, lirudishe. Kuna mahali pengine atajenga. Kuna wazee wengine wenye adabu.

Kengele ninayo. Asubuhi nyumbani, kabla ya kupanda matatu kurudi hapa, nilimvua mbuzi, nikaitia mfukoni mwa kanzu, sijui kwa nini. Nikigeuka inalia. Mwanasha kila mara anageuka kunitazama.

Chumba cha kupasulia kiko mwisho wa ukumbi. Mbele yake pazia la kijani. Nesi alisema tukae, tutaitwa. Alisema vizuri, kwa heshima, wala hana kosa. Maneno ni yaleyale yangu.

Jua limeshafika kwenye miguu yetu. Ndani kulikuwa na sauti za vyuma, sasa zimenyamaza. Pazia limetikisika. Huenda ni upepo.

Mwanasha amenishika mkono wa kalamu. Kaka, anasema, nenda wewe ukabishe hodi, mimi sauti hainitoki.

Nimesimama. Kengele imelia. Mapenzi naye amesimama.

Niko mbele ya pazia. Hodi ya kwanza nimepiga, kwa sauti ya Dzombo, sauti isiyogeuza kuku. Kimya. Naandika nimeegemea ukuta, ili mkono uwe na kazi.

Hodi ya pili nimepiga kwa sauti yangu.

Kuna mtu anakuja, nasikia ndala zake. Au anapita tu.

Ya tatu siipigi kwa mdomo, maana baada ya tatu mtu hurudi; kengele iko mkononi. Ya tatu